Miadi isiyosubiri: jinsi mikondo ya chembe ilivyofundishwa kukutana



Sisi wa redio twaishi kwa saa. Inapotimia saa kamili milio mifupi hulia, na msomaji wa taarifa ya habari akichelewa sekunde tatu tu, ukimya ule husikika Mombasa na Muscat, Bujumbura na Birmingham, kwa wakati mmoja. Nimeifanya kazi hii miaka mingi nikidhani kwamba hakuna watu wanaoiogopa saa kuliko watayarishaji wa vipindi. Nilikuwa nimekosea.

Wako watu ambao kwao sekunde tatu ni kama karne nzima. Katika muda huo, protoni moja iliyomo ndani ya mtambo mkubwa wa CERN, uliochimbiwa chini ya ardhi kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, huwa imeizunguka pete ya kilomita 27 zaidi ya mara 33,000. Huo ni mwendo wa takriban kilomita 900,000, yaani kwenda mwezini na kurudi, na ziada juu yake.

Mtambo huo hujulikana kwa kifupi kama LHC. Uwapo kazini, mikondo miwili ya protoni huzunguka ndani yake ikielekea pande zinazopingana. Kila mkondo umekatwa mafungu. Wahandisi waliousanifu walipanga mafungu 2,808 katika kila mkondo, na kila fungu liwe na protoni zipatazo bilioni 115. Fungu lina urefu kama wa rula ya mwanafunzi, na mahali pa kukutania huwa jembamba kuliko unywele. Fungu moja hufuatwa na jingine kwa umbali wa mita saba na nusu, umbali ambao mwanga huumaliza kwa nanosekunde 25. Na nanosekunde, msikilizaji, ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni moja.

Mahali pane katika pete hiyo, fungu la upande huu sharti likutane na fungu la upande ule, tena katikati hasa ya chombo kinachonasa mabaki ya mgongano. Fungu moja likichelewa nanosekunde moja tu, mahali pa kukutania husogea sentimita 15.

Je, chembe zisizoonekana kwa macho zilifundishwa vipi kutimiza miadi ya namna hii? Jibu lake ni historia ya miaka zaidi ya themanini. Ndani yake wamo wafungwa na wakimbizi, limo kopo la kahawa na chupa ya vodka, na umo mwezi wenyewe.

Wawili wasiojuana

Ili kuielewa habari hii, mfikirie mtoto aliye juu ya bembea. Anayemsukuma hahitaji nguvu nyingi. Anahitaji kusukuma kwa wakati unaofaa. Akisukuma bembea inaporudi nyuma, atamwangusha mtoto.

Mitambo ya kuzipa chembe kasi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Chembe huzungushwa kwa sumaku, na kila zinapopita mahali maalumu husukumwa na wimbi la redio. Naam, ni wimbi la redio, ndugu wa hili linalokuletea sauti yangu. Tofauti ni kwamba la LHC hutetemeka mara milioni 400 kwa sekunde, takriban mara nne ya masafa ya FM, na limefungiwa ndani ya vyumba vya chuma.

Mtambo wa kwanza wa kuzungusha chembe ulibuniwa na Mmarekani Ernest Lawrence kule Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wimbi lake lilikuwa na mdundo mmoja usiobadilika. Lakini kadiri chembe zilivyoukaribia mwendo wa mwanga, ndivyo zilivyozidi kuwa nzito kusukumwa, kama alivyobashiri Albert Einstein. Zikaanza kuachwa nyuma na mdundo, mwisho zikawa zinasukumwa wakati usiofaa. Ikaonekana kana kwamba safari imefika ukingoni.

Mwaka 1944, vita vikuu vya pili vikiwa bado vinaendelea, mwanafizikia Vladimir Veksler wa Muungano wa Kisovieti alichapisha njia ya kuuvuka ukingo huo. Mwaka uliofuata, Edwin McMillan, Mmarekani aliyekuwa Los Alamos, kwenye kambi ya siri iliyotengeneza bomu la atomiki, alilifikia wazo lilelile. Hakuna aliyekuwa na habari za mwenzake.

Wazo lao lilikuwa hili. Usijaribu kuishika kila chembe mkono. Badala yake, lipange wimbi ili makosa yajisahihishe yenyewe. Chembe iliyofika kwa wakati wake hulikuta wimbi likiwa linapanda, na hupata msukumo wa kadiri. Iliyochelewa hulikuta wimbi limepanda zaidi, hupata msukumo mkubwa, na mzunguko unaofuata huwahi. Iliyotangulia hulikuta wimbi bado liko chini, hupata msukumo mdogo, na hurudi nyuma kuungana na wenzake. Chembe hubaki zikiyumba mbele na nyuma, lakini fungu halisambaratiki. Na maadamu fungu linajishikilia lenyewe, mdundo wa wimbi na nguvu za sumaku zaweza kuongezwa pamoja, taratibu, na chembe zote zikafuata.

Jambo la kupendeza ni lililofuata. McMillan alipopata habari za maandishi ya Veksler, alikiri hadharani kwamba Mrusi huyo alikuwa ametangulia. Mwaka 1963, wakati Moscow na Washington zilikuwa zimetoka tu kunusurika na mgogoro wa makombora ya Cuba, wawili hao walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Atomu kwa Ajili ya Amani.

Kopo la kahawa

Hata hivyo kanuni hiyo ilikuwa na mtego ndani yake. Ulikuja kuonekana Ulaya, katika maabara ya CERN, iliyoanzishwa mwaka 1954 na mataifa ambayo miaka tisa tu kabla yake yalikuwa yakiuana.

CERN ilikuwa ikijenga pete yenye mzingo wa mita 628, iliyoitwa PS. Mtego wenyewe ulikuwa huu. Mwanzoni mwa safari, chembe yenye nishati zaidi ya wenzake hukimbia zaidi, kwa hiyo huwahi. Lakini mwendo wa mwanga ni kikomo kisichovukwa. Chembe ikishaukaribia, nishati ya ziada haiongezi tena mwendo. Huifanya ipite njia pana zaidi, ukingoni mwa nje. Mwenye njia ndefu huchelewa. Basi katikati ya safari, kwa dakika ileile moja, maana ya kuchelewa hugeuka. Aliyechelewa zamani alikuwa mnyonge wa kuongezewa nguvu. Sasa ni mwenye nguvu kupita kiasi, anayestahili kupunguziwa.

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kila moja ina wakati wake. Ndani ya PS, wimbi la redio lilipaswa kuihama methali moja na kurukia nyingine kwa kufumba na kufumbua, la sivyo protoni zote zingepotea.

Kwa wiki kadhaa za vuli ya mwaka 1959 ndivyo ilivyokuwa. Mkondo ulifika mahali hapo ukatoweka. Mhandisi Wolfgang Schnell alikuwa ameunda saketi ndogo ya kuliongoza wimbi kwa kufuata mahali mkondo ulipo, na ya kuligeuza kwa wakati wake. Aliiunda ndani ya kopo tupu la Nescafé. Jioni ya tarehe 24 Novemba 1959 kopo hilo liliunganishwa kwenye mtambo. Mkondo ukapita palipokuwa pakiushinda, ukaendelea kupanda hadi nishati ya elektrovolti bilioni 24, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa na mtambo wowote duniani.

Siku ya pili yake, mkuu wa mradi, Mwingereza John Adams, alisimama mbele ya wafanyakazi akiwa na chupa ya vodka. Alikuwa amepewa katika maabara ya Dubna, karibu na Moscow, kwenye mtambo uliokuwa ukishikilia rekodi ya elektrovolti bilioni 10; mtambo uliojengwa chini ya uongozi wa Veksler yuleyule. Sharti la zawadi hiyo lilikuwa kwamba isinywewe mpaka CERN iipite rekodi ya Dubna. Adams aliionyesha chupa ikiwa tupu. Ndani yake aliweka picha ya ishara ya mkondo ule, irudishwe Dubna kama ushahidi.

Pete hiyo ya PS haikuwekwa makumbusho. Ndiyo iliyopewa, miaka mingi baadaye, kazi ya kuyagawa mafungu ya protoni mara kadhaa hadi yafuatane kwa nanosekunde 25, kabla ya kupelekwa kwenye pete kubwa zaidi na hatimaye LHC.

Mtu aliyeachwa kandoni mwa barabara

Mpaka hapo, msikilizaji, chembe zilikuwa zikirushwa kugonga shabaha iliyotulia. Hiyo ni hasara. Gari liendalo kasi likiligonga jingine lililoegeshwa, sehemu kubwa ya nguvu huishia kulisukuma mbele lile lililogongwa. Magari mawili yakikutana uso kwa uso, nguvu yote huishia kwenye mgongano wenyewe.

Wazo la kuzigonganisha chembe uso kwa uso, zikiwa zimehifadhiwa katika pete, alilipata Rolf Widerøe, raia wa Norway aliyekuwa akifanya kazi Hamburg wakati wa vita. Aliomba hataza yake Septemba 1943. Ilitolewa miaka kumi baadaye. Msaidizi wake kijana kutoka Vienna, ambaye naye alisikilizishwa wazo hilo, aliitwa Bruno Touschek.

Mama yake Touschek alikuwa Myahudi. Kwa sababu hiyo kijana huyo alifukuzwa Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1940, akaenda Ujerumani kusoma kwa kujificha, akisaidiwa na walimu waliothubutu. Mwanzoni mwa mwaka 1945 polisi wa siri wa Wanazi walimkamata. Vita vikielekea ukingoni, wafungwa waliamriwa kutembea kwa miguu kutoka Hamburg hadi kambi moja huko Kiel. Touschek alikuwa na homa, na alikuwa amebeba vitabu vyake. Alianguka njiani. Mlinzi akampiga risasi kichwani na kumwacha kandoni mwa barabara akidhani amekufa. Hakuwa amekufa.

Baada ya vita alisoma Glasgow, kisha akahamia Roma. Tarehe 7 Machi 1960, katika maabara ya Frascati karibu na mji huo, alitoa mhadhara uliobadilisha fani nzima. Alipendekeza kwamba elektroni zigonganishwe na positroni. Positroni ni pacha wa elektroni, uzito uleule lakini chaji kinyume.

Hapo ndipo swali la miadi lilipojitokeza waziwazi. Wapo waliomuuliza: utajuaje kwamba mikondo hiyo miwili itakutana? Hoja ya Touschek ilikuwa kwamba maumbile yenyewe ndiyo mdhamini. Maadamu chembe hizo ni mapacha kinyume, sumaku ileile inayoikunja elektroni kwenda upande huu itaikunja positroni kwa njia ileile upande ule. Wimbi lilelile litazisukuma zote mbili. Pete moja, sumaku moja, saa moja. Hazina budi kukutana.

Tarehe 27 Februari 1961, takriban mwaka mmoja tu baadaye, pete ndogo iliyopewa jina AdA ilihifadhi chembe zake za kwanza. Upana wake haukuzidi meza ya chakula ya familia kubwa. Elektroni zikizunguka hutoa mwanga, na wale waliochungulia katika dirisha lake dogo waliweza kuuona kwa macho matupu mwanga wa elektroni moja peke yake.

Frascati haikuwa na chanzo cha chembe cha kutosha. Kwa hiyo Julai 1962 pete hiyo ilipakiwa kwenye lori na kusafirishwa hadi Orsay, karibu na Paris, huku betri zikiziendesha pampu njia nzima ili hewa isiingie ndani yake. Huko Orsay yaligunduliwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa baya. Kadiri fungu lilivyojazwa chembe nyingi, ndivyo zilivyogongana zenyewe kwa zenyewe ndani ya fungu. Nyingine zikapata nishati ya ghafla, zikaruka nje ya lile eneo la wimbi ambamo makosa hujisahihisha, zikapotea. Touschek aliitambua sababu hiyo, na hadi leo huitwa kwa jina lake. La pili lilikuwa jema: kati ya mwisho wa 1963 na mwanzo wa 1964, ishara za migongano ya elektroni na positroni zilionekana kwa mara ya kwanza duniani.

Njia ya mkato

Kwa protoni, CERN ilianza kwa kulikwepa tatizo la wakati. Pete mbili zilizopishana, zilizoitwa ISR, zilifanya mgongano wa kwanza wa protoni kwa protoni tarehe 27 Januari 1971. Ndani yake mikondo haikuwa na mafungu. Ilinyooshwa ikawa kama kamba isiyokatika, hivyo daima palikuwa na chembe za kukutana mahali pa makutano. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini ilihitaji mikondo mizito mno ya chembe.

Mwitaliano Carlo Rubbia alitaka jambo jingine: kuigeuza pete moja kubwa ya CERN, yenye mzingo wa kilomita saba, iwe kama AdA, kwa kuzigonganisha protoni na antiprotoni. Shida ni kwamba antiprotoni hazipatikani tu. Hutengenezwa chache chache, nazo hutoka zimetawanyika ovyo kama kuku waliotishwa na mwewe.

Aliyezituliza alikuwa Mholanzi Simon van der Meer. Kifaa kilichowekwa upande mmoja wa pete kilipima ni kwa kiasi gani chembe zinazopita zimekwenda kombo. Kipimo hicho kilitumwa upande wa pili wa pete ili chembe zilezile zisahihishwe zikifika. Lakini zenyewe zinakimbia karibu sawa na mwanga. Ishara ingewezaje kuziwahi? Jibu ni kwamba chembe hulazimika kufuata mzingo wa duara, ilhali ishara ilipita njia ya mkato ikilikata duara. Ikafika kwa wakati wake hasa. Sahihisho moja halikufaa kitu. Mamilioni ya masahihisho yalifaa.

Mwaka 1981 protoni na antiprotoni ziligongana katika pete ile. Mwaka 1983 zilipatikana chembe mbili zilizokuwa zikitafutwa, W na Z, na mwaka 1984 Rubbia na van der Meer walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwezi na treni

Mwaka 1989 CERN ilifungua handaki la kilomita 27 na kuweka ndani yake mtambo wa LEP, wa elektroni na positroni. Hapo wimbi la redio lilikuwa sahihi kiasi kwamba lilifichua mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia.

Nishati ya mikondo ilionekana kupanda na kushuka kwa saa kadhaa, bila mtu kugusa chochote. Sababu ilikuwa mwezi. Mvuto uleule unaoleta bamvua na maji mafu katika pwani ya Afrika Mashariki huinua pia ardhi kavu, kidogo sana. Pete ya kilomita 27 ilikuwa ikirefuka na kufupika kwa takriban milimita moja. Kwa kuwa mdundo wa wimbi haukubadilika, mikondo ilishikilia urefu wake uleule wa safari wakati sumaku zikisogea chini yake, na nishati ikabadilika.

Kisha mwaka 1995 likaonekana jambo jingine: kelele katika sumaku zilizoanza alfajiri na kunyamaza usiku wa manane. Zilikuwa treni. Umeme unaovuja kwenye reli za treni za kasi kati ya Geneva na Paris ulipenya ardhini na kupita katika mabomba ya mtambo. Wanasayansi wakajifunza kuisoma ratiba ya reli pamoja na kalenda ya mwezi. LEP ilifungwa Novemba 2000, na handaki lake likaachiwa LHC.

Mbio zisizolingana

Ndani ya LHC, ule udhamini wa Touschek haupo. Protoni na protoni zina chaji moja, kwa hiyo kila mkondo una bomba lake, sumaku zinazovuta kinyume cha za mwenzake, na vyumba vyake vinane vya wimbi la redio. Kukutana hakuji bure. Vyumba vya mkondo mmoja na vya mwingine sharti vidunde kwa mdundo mmoja, na mdundo huo hupelekwa kwa nyaya za nuru hadi kwenye vyombo vya majaribio ili navyo vijue ni mgongano upi vinaotazama.

Wakati una kazi nyingine humo, nayo ni usalama. Katika kila mkondo huachwa pengo la mikrosekunde tatu lisilo na protoni. Hatari ikitokea, sumaku maalumu huutoa mkondo nje ya pete, na sumaku hizo zahitaji pengo hilo ili zifikie nguvu zake kamili. Zikiwaka nje ya wakati, chembe zingefagia vifaa. Na mkondo mmoja, kwa nishati iliyokusudiwa na wasanifu, una nguvu ya kuyeyusha takriban nusu tani ya shaba.

Lakini mtihani mkubwa wa miadi ulikuja pale wanafizikia walipotaka kugonganisha protoni na viini vya madini ya risasi. Katika LHC sumaku za mabomba yote mawili zimo katika mwili mmoja na nguvu zao hulingana. Kiini cha risasi ni kizito, na kwa sumaku zilezile hukimbia pole kidogo kuliko protoni. Tofauti ni ndogo mno, kama sehemu moja kati ya laki moja. Hata hivyo wakati wa kuanza, protoni hukiacha kiini cha risasi mzunguko mzima kila baada ya sekunde nane hivi. Maana yake, mahali pa kukutania hapatulii. Hutangatanga pete nzima.

Tatizo hilo lilishakutwa Marekani mwaka 2003, katika mtambo wa RHIC, ambako vilikutanishwa viini vya dhahabu na viini vyepesi. Ilionekana kwamba kukutana huko kwa kutangatanga kunauharibu mkondo, wakalazimika kulinganisha mwendo tangu mwanzo. Waliweza, kwa kuwa pete zao mbili zilikuwa na sumaku mbalimbali. LHC haikuwa na uhuru huo, na wapo waliohofia kwamba haitawezekana.

Iliwezekana. Mikondo iliachwa kila mmoja na mdundo wake hadi ikafika nishati ya juu, ambako tofauti ya mwendo ilikuwa imepungua sana. Ndipo midundo miwili ilipounganishwa kuwa mmoja. Protoni, zilizo na mbio zaidi, zikasogea nje kidogo zipite njia ndefu. Risasi ikasogea ndani ipite njia fupi. Chini ya milimita moja kila upande. Kisha mkondo mmoja ukazungushwa polepole kulinganishwa na mwingine, dakika baada ya dakika, hadi mahali pa kukutania palipoingia katikati ya vyombo. Migongano ya majaribio ilifanyika Septemba 2012, na kazi kamili ikaja mwanzoni mwa 2013. Njia hiyo ndiyo iliyorudiwa katikati ya mwaka 2025, safari hiyo kwa protoni na oksijeni.

Msikilizaji, kati ya migongano ya protoni katika pete hiyohiyo ndimo ilimopatikana chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, na ulimwengu mzima ukaisikia. Mimi katika matangazo ya siku ile nilimkumbuka Bruno Touschek. Alifariki dunia mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 57 tu, kabla ya W na Z, kabla ya LEP, kabla ya LHC. Wala hakutunukiwa Nobel.

Wakati wa ujana wake, dola nzima ilipangwa ili watu wa aina yake wasikutane na kesho. Vitabu alivyokuwa amevibeba njiani Kiel vilikuwa vya nini, kama si vya miadi aliyokuwa bado anataka kuitimiza? Aliamka kandoni mwa barabara ile, na miaka kumi na mitano baadaye akawaonyesha wenzake namna ya kukutanisha vitu viwili vinavyokimbia pande zinazopingana, bila kukilazimisha kimoja kumfuata mwenzake. Veksler na McMillan, kila mmoja upande wake wa vita baridi, walikwishaonyesha kwamba aliyebaki nyuma anaweza kurudishwa kundini bila kutupwa. Hayo yote ni fizikia tu, na wenyewe hawakudai zaidi ya hapo.

Naona saa ya ukutani studioni imenikodolea macho. Sekunde tatu nilizozitaja mwanzoni zimekwisha, na protoni zimekwenda mwezini na kurudi.